Hakuna kobe wa maji asiyekua

Nianze na jibu kabla ya stori, maana najua wengi hawafiki mwisho: hakuna kobe wa maji anayebaki na udogo wa kitoto maisha yake yote. Hayupo. Yule unayeonyeshwa kwenye kibakuli chenye kimnazi cha plastiki katikati, anayeenea kwenye kifuniko cha soda, yule ni mtoto katoka kwenye yai juzi juzi, na anayekwambia "huyu ndo mwisho wake hapo, ni aina ya mini" ama hajui anachouza au anajua vizuri na anataka ulipe uondoke.

Kazi yangu ni matangi ya samaki wa mapambo. Hapa Mwanza nazunguka kwenye malodge, maofisini, majumbani kwa watu, Pasiansi, Nyegezi, mpaka Buhongwa huko, naosha vioo, nabadilisha maji, natengeneza filta na pampu, chakula cha samaki nauza kidogo kidogo. Kobe hawakuwa sehemu ya kazi, waliingia wenyewe, maana mtu akishakujua wewe ni fundi wa tangi basi chochote kinachoishi kwenye maji anakupigia wewe. Na simu za kobe zinafanana, nikisikia tu "samahani fundi, tuna kobe hapa nyumbani" najua mambo yamefika wapi. Mwaka wa kwanza hakuna simu, mwaka wa kwanza ni picha za status. Simu zinaanza akishazidi kiganja cha mkono, maji yananuka, bakuli halimtoshi, usiku kucha anakwangua kioo anatafuta pa kutokea watu hawalali, na mtoto aliyenunuliwa huyo kobe keshaenda boarding. Hapo ndo wanauliza, mbona tuliambiwa hakui?

Wengi wanaoletwa huku ni wale wenye mstari mwekundu nyuma ya jicho, mwili wa kijani na michoro ya njano. Watu wanatoka nao Dar, wengine wanakuja nao kutoka safari za nje wamewatia kwenye kikopo. Asili yao ni Marekani, bonde la mto Mississippi na maeneo ya jirani mpaka kaskazini mwa Mexico, na kule Louisiana kuna mashamba kabisa ya kuwazalisha, wanatotolewa kwa wingi wanasafirishwa nje wakiwa bado vitoto. Ndo maana dukani huwaoni wakubwa, wewe unaona vitoto tu na unaamini ndo walivyo. Sasa chukua rula. Akitoka kwenye yai gamba lake lina kama sentimita 3. Dume akikomaa anafika sentimita 15 mpaka 20 hivi, jike anapita hapo, 25, na wapo wanaogusa 30, yani rula ya shule nzima, na hapo tunapima gamba tu, shingo na mkia havimo. Akitunzwa vizuri anaishi miaka 20, 30, wapo wanaofika 40. Mtoto uliyemnunulia akiwa darasa la kwanza atamaliza shule, ataolewa, atahamia mkoa mwingine, na kobe bado yupo kwako anahitaji kula.

Kuna hii nyingine inaniuma zaidi kwasababu nasikia mpaka kwa watu wazima wenye elimu zao: eti kobe anakua kulingana na chombo. Bakuli dogo kobe mdogo, bwawa kubwa kobe mkubwa, kwahiyo ukitaka abaki mzuri mdogo usimhamishe. Haifi hii kauli kwasababu ina kaukweli kadogo ndani yake, kobe aliyebanwa sehemu ndogo, asiyelishwa sawasawa na asiyeona jua ni kweli anadumaa. Lakini kudumaa sio aina. Mtoto akidumaa kwa lishe mbovu hakuna anayesema huyu ni wa aina ya watu wafupi, anapelekwa kliniki, mama anaulizwa anampa nini. Kwa kobe tunafanya kinyume, tunaona amedumaa tunafurahi, tunamwita mini.

Niwape mfano ninaoujua kwa mikono yangu. Dada mmoja Pasiansi ana saluni, kobe wake alikuwa kaunta kwenye bakuli la kioo, pembeni ya mafuta na rola, wateja wanampenda, wanampiga picha. Alikuwa naye zaidi ya miaka miwili na gamba halijafika hata sentimita 6. Alikuwa anajivunia kabisa, "fundi wanaosema hawa wanakua waongo, njoo umwone wangu". Siku aliyoniita kweli ni kwasababu ya macho. Yalikuwa yamevimba mpaka yamefunga, kope zimetuna, na kobe hajala siku kadhaa, anaelea tu upande upande.

Nikamtoa nikamlaza kiganjani. Nikabonyeza gamba taratibu na kidole gumba, pale pembeni karibu na mguu wa nyuma, likabonyea. Kobe mchanga kabisa gamba lina ulaini kidogo, ni kawaida, lakini wa miaka miwili ukibonyeza unatakiwa usikie ugumu wa mfupa. Kingo za gamba zilikuwa zimejikunja kwenda juu, mguu mmoja wa nyuma anauburuta. Nikamuuliza dada anakula nini akanionyesha kikopo, uduvi mkavu, ndo huo huo toka siku ya kwanza mpaka leo. Na jua? Akasema jua anapata, lile dirisha la kioo pale asubuhi linawaka.

Hapa inabidi mtu aelewe gamba ni nini. Wengi wanadhani ni nyumba, kwamba kobe yuko mle ndani anaweza kutoka akitaka. Gamba ni mifupa yake. Mbavu na uti wa mgongo vimeungana humo humo kwenye gamba la juu, ukimpindua mfu ukaangalia kwa ndani unaona uti umepita katikati umeshikana na dari. Kwahiyo akikosa kalsiamu mifupa inalegea na gamba linalegea. Na kalsiamu peke yake haitoshi, lazima apate vitamini D ndo mwili uitumie, na hiyo anaitengeneza mwenyewe akiota jua, ile miale isiyoonekana inayoitwa UVB. Kioo kinaizuia. Kwahiyo kobe wa dirishani anapata mwanga, anapata joto, na chenyewe anachokihitaji hakipati, na mwenye kobe anaapa kwa nia njema kabisa kwamba jua lipo. Macho kuvimba vile mara nyingi ni upungufu wa vitamini A, ukiongeza maji machafu ndo kabisa.

Nilipomweleza dada alikaa kwenye kiti cha wateja akalia. Alisema neno moja tu, mimi nilijua ni mzima kwasababu hakui. Nimelibeba hilo neno kwasababu ndo ubaya wote wa huu uongo, unamfanya mtu anayempenda mnyama wake aone dalili ya ugonjwa aifurahie.

Tulimpata daktari wa mifugo, kazi zake kubwa ni ng'ombe na kuku lakini alikubali kuja, akampa vitamini kwa kipimo kidogo mno na akaonya mtu asiongeze kwa kichwa chake, maana vitamini A ikizidi nayo ni sumu. Mimi nikashughulika na makazi. Beseni pana, maji ya kutosha kuogelea, na jiwe la kupanda atoke majini mwili mzima akauke, na mawe Mwanza hatununui. Kila asubuhi nje, nusu ya beseni juani nusu kivulini, na hicho kivuli sio urembo, kobe joto lake linategemea pale alipo, ukimweka kwenye beseni dogo juani hana pa kukimbilia unamkuta amekufa mchana huo huo. Dagaa wabichi wa soko la Mwaloni, wazima na vichwa na mifupa yao, sukuma wiki, karoti iliyokwanguliwa, na ule uduvi ukabaki kama kionjo tu. Chakula kinawekwa ndani ya maji, watu wengi hawajui hili, kobe wa aina hii akiwa nchi kavu hamezi vizuri, anahitaji maji ili kishuke.

Hakuanza kula haraka. Macho yakiwa yamefunga hakioni chakula, na dada alikuwa ananipigia kila jioni fundi bado. Yalipofunguka alianza na dagaa mmoja, akachana kichwa kwa kucha za mbele, akameza, akarudi. Gamba lilichukua muda mrefu zaidi kukaza na ile kingo iliyojikunja haikurudi na haitarudi. Lakini sasa angalia kilichotokea, yule yule aliyekuwa ushahidi wa saluni nzima kwamba hawakui, alianza kukua. Magamba madogo madogo ya juu yakawa yanabanduka kama karatasi nyembamba chini yake yanakuja mapya mapana, na kabla mwaka haujaisha lile bakuli la kaunta hakuweza hata kugeukia ndani. Hakuwa mini, alikuwa na njaa ya jua.

Utasema sawa, lakini mbona kuna watu wanaapa wamewaona wasiokua kwa miaka? Nimewafuatilia sana hao watu. Kubwa ni kwamba wanakufa kabla. Kitoto kikitoka kwenye yai kina akiba ya kiini tumboni, kinaweza kukaa wiki kadhaa hakijala kitu cha maana na kikaonekana kizima, halafu kobe anaumwa polepole na kimya kimya, hapigi kelele, kwahiyo mwenye nacho anasema "alikaa mwaka mzima hakukua, akafa tu" wakati mwaka wote huo alikuwa anakufa. Watu wa namna hii wakiwa wengi, kila mmoja amemwona mdogo na hakuna aliyemwona mkubwa, uongo unapata mashahidi wengi kuliko ukweli.

Sababu nyingine niliambiwa na mzee mmoja wa Capri Point. Nilienda kuangalia pampu, mjukuu wake akanikimbilia na bakuli, "anko, huyu ana miaka mitatu na hakui, hata mwalimu nimemwambia". Nikamtazama kobe, kitoto kabisa, hata lile doa la tumboni pale kiini kilipoingilia lilikuwa bado linaonekana. Sikusema kitu. Wakati natoka mzee akanisindikiza mpaka getini, akasubiri mtoto arudi ndani, akaniambia mwanangu, yule ni wa tatu sasa. Kila akifa babu anaagiza mwingine Dar, anafika na basi, anawekwa usiku mtoto amelala. Nikamwambia babu, naelewa, hakuna babu anayetaka kumwona mjukuu analia. Ila yule mtoto ameshahakikishia darasa zima kwamba kobe hawakui, na wenzake wameshaenda kuwasumbua wazazi wao wanunuliwe. Mzee akanyamaza sana. Baadaye alimweleza mjukuu wake ukweli, aliniambia mwenyewe kwenye simu, na mtoto hakulia kama babu alivyoogopa, aliuliza tu hao wawili wamezikwa wapi.

Wapo na wa kwetu. Mvua zikichanganya vijana wanawaokota kwenye majaruba ya mpunga na kwenye malambo ya ng'ombe huko Magu na Misungwi, wanaingia nao mjini kwenye ndoo, nao wanaitwa mini. Hao wametokea hapa hapa. Ukitaka kuwatofautisha angalia shingo, yule wa Marekani akiogopa anarudisha kichwa ndani moja kwa moja, wa kwetu anaikunja shingo pembeni anailaza chini ya ukingo wa gamba. Kuna yule wa madimbwi ya msimu, maji yakikauka anajifukia kwenye tope anasubiri mvua, na ukimshikashika anatoa harufu itakayokaa kwenye mikono mpaka jioni. Na kuna wale ambao gamba la tumbo lina bawaba, sehemu ya mbele inajifunga kichwa na miguu ikiwa ndani, wavuvi wa ziwani wanawajua maana wanaingia kwenye nyavu. Wote hao nao ni watoto wanapouzwa, na wengi wao wakikomaa wanakaribia sentimita 20 au wanapita. Tena hao ni wanyamapori, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haimuachi mnyama nje kwasababu anaenea mfukoni, huwezi kumkamata ukamfuga au kumuuza bila kibali, na wa kuwauliza ni TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Vijana wengi hawajui kabisa, wanadhani sheria ni ya tembo na chui.

Mtu akinibishia sana kwamba dunia hii lazima iwe na kobe mdogo namwambia wapo, na mmoja yuko kwetu, ila sio wa maji na sio wa kufuga. Yule kobe bapa wa kwenye miamba. Mkubwa wake ni kama sentimita 17 au 18, gamba ni jembamba na linabonyea kwa asili yake, Mungu amemuumba hivyo ajipenyeze kwenye nyufa za mawe, akishaingia humo kumtoa ni kazi. Wanasayansi walimpa jina la kitaalamu mwaka 1903 kutokana na sampuli iliyochukuliwa Busisi, hapo ng'ambo ya Kigongo, hapo ambapo daraja la Magufuli lililofunguliwa 2025 linatua, tunapapita kwa gari kwenda Sengerema hata hatujui kama pameandikwa kwenye vitabu vya dunia. Kobe huyu kwa kawaida anataga yai moja kwa mkupuo. Moja. Ukipanda kilima na gunia ukakusanya uliowakuta, hicho kilima hakitajaa tena uhai wako wote. Biashara ya kuwauza nje ilikuwa kubwa mpaka 2019 wakawekwa kwenye kundi la juu kabisa la ulinzi la CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Na hata huyo, na udogo wake wote, kibakuli chenye kimnazi hakimtoshi. Mwenye hamu ya kuwaonyesha watoto kobe awapeleke hifadhi ya kisiwa cha Saanane, boti ni dakika chache toka mjini, kobe wanatembea kwenye mawe yao na mtoto anaona mwenyewe kobe aliyekomaa anafananaje.

Sasa hili lifuatalo nataka wa Mwanza, Musoma, Bukoba, Ukerewe, wote wa kando ya ziwa walisikie. Kaka mmoja wa Igogo alinisimamisha na ndoo, ndani kuna jike lenye mstari mwekundu, nikampima sentimita 24. Alikuwa anampeleka ziwani. Akasema fundi si arudi kwao tu, ziwa lote hili atakosa nafasi? Na aliongea kwa huruma kabisa, aliona anamfungulia mnyama aliyefungwa.

Ziwa sio kwao. Kwao ni Mississippi. Na sisi watu wa ziwa hili ndo hatutakiwi kudanganywa na neno "ni kamoja tu". Sangara aliingizwa miaka ya 1950 na 60, kufika miaka ya 80 amejaa kila mahali, na furu wa aina mamia wamepotea, samaki ambao hawakuwepo sehemu nyingine yoyote duniani. Sibishi kwamba sangara amejenga nyumba na kusomesha watoto, viwanda tunaviona, lakini furu hawarudi. Gugu maji limetoka Amerika Kusini, likasambaa duniani watu wakilipenda kwa ua lake la zambarau, la kupamba bwawa, na sasa kuna asubuhi mvuvi anaukuta mwalo wote umefungwa na mtumbwi hautoki. Hakuna aliyekusudia ubaya, mtu alipenda ua. Na huyu kobe mwenye mstari mwekundu yumo kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ya viumbe vamizi 100 vibaya kuliko vyote duniani, Umoja wa Ulaya ulizuia kuwaingiza tangu 1997, na mabwawa ya bustani za New York yamejaa kobe waliotupwa na watu waliochoka nao. Anagombania na wenyeji chakula na mawe ya kuota jua, anaweza kuja na vimelea ambavyo wa kwetu hawajawahi kukutana navyo, jike anataga mara kadhaa kwa mwaka na mkupuo mmoja mayai 10 au 20 sio ajabu. Kule kwao baridi inawasimamisha miezi kadhaa kila mwaka, hapa kwetu hakuna baridi ya kumsimamisha mtu.

Kaka alinisikiliza amechuchumaa pale pembeni ya ndoo. Mwisho akasema basi niambie nimpeleke wapi, na hilo ndo swali la haki kabisa, huwezi kumkataza mtu ziwa halafu usimpe njia.

Tulienda naye Luchelele kwa mzee mmoja mstaafu ambaye ana bwawa la saruji nyuma ya nyumba, alilijenga kwa ajili ya sato likabaki tupu. Nilimweleza mzee shida, akaingia nayo moyoni kuliko nilivyotegemea, yeye ni mtu wa kuhesabu, akataka vipimo. Kanuni ninayoitumia ni kama lita 15 za maji kwa kila sentimita ya gamba, kwahiyo jike la sentimita 24 ni lita 360 peke yake, na hapo ni yeye mmoja. Asiye na bwawa, simtank la lita 1000 likikatwa katikati kwa msumeno, kingo zikapigwa msasa, nusu moja inatosha kwa mmoja. Filta ni ya lazima kama ni la ndani, na chukua kubwa kuliko wanayosema ya samaki, kobe anachafua mno. Kwa la nje mzee anafungulia maji machafu yanaenda kwenye migomba, na migomba ile ukiiona utapenda. Alijenga ngazi ya mawe upande wa mashariki ya kuotea jua la asubuhi, akaweka kichanja cha kivuli, kona moja akajaza mchanga maana jike hutaga hata bila dume na akikosa pa kufukia mayai anayabana tumboni anaumwa. Mayai akiyaona anayafukua anayatupa, hataki watoto. Na uzio wa wavu kote mpaka juu, kenge wa Luchelele hawana utani, halafu pia kobe anapanda, mtu asikudanganye kwamba hapandi.

Jambo la mwisho ni la afya na nalisema kwa wenye watoto wadogo. Marekani, ambako hawa kobe wametoka, mwaka 1975 walipiga marufuku kuuza kobe mwenye gamba chini ya inchi 4, kama sentimita 10 hivi. Hawakufanya hivyo kwa kumwonea huruma kobe, ilikuwa ni watoto, walikuwa wanaugua salmonela, kuhara na homa kali, kwasababu kobe mdogo ndo anaingia kwenye mkono wa mtoto na mkono wa mtoto unaingia mdomoni. Kobe mwenye hao bakteria haonyeshi kuumwa, utamwona mzima kabisa. Kwahiyo kila ukimshika, au ukigusa maji yake, sabuni. Chombo chake kisioshwe kwenye sinki la vyombo wala karibu na ndoo ya maji ya kunywa. Chini ya miaka 5 wamwangalie tu, wasimbebe. Nimewahi kukuta beseni la kobe linasuuzwa kwenye karo ambalo sahani za chakula zimepangwa pembeni, na mama wa nyumba ile ni msafi kuliko wengi, hakuna aliyewahi kumwambia.

Siku hizi mtu akinipigia kabla ya kununua, na namshukuru Mungu wameanza kupiga kabla, namuuliza vitu vichache tu, tangi la lita mia tatu na zaidi litakaa wapi, nani atamlisha mtoto akienda shule ya bweni, na muuzaji amuonyeshe mmoja aliyekua, hata picha, kati ya wote aliowahi kuuza. Hilo la picha linamaliza mazungumzo mengi. Dada wa saluni wa kwake sasa ana sentimita 17 na yuko uani kwenye nusu ya simtank, kaunta ameweka maua. Bwawa la mzee wa Luchelele limeshapokea kobe wengine wa mtaani na amesema nafasi imeisha, hapokei tena jike lolote, kwahiyo kama unaye nyumbani amefika sentimita 10 na bado yuko kwenye bakuli, mtafute fundi uashi au mwenye msumeno mapema, chagua upande wa nyumba unaopata jua la asubuhi, na wavu uagize pamoja na saruji.